Namba Aliyoigonga Fundi Deus

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya Kizota, Fundi Deusdedit Mazengo anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Wasifu huu nilikuwa nimekwisha kuuandika. Baada ya Jumamosi iliyopita nimeuchana nikaanza upya, na mpaka sasa akili haijanirudia sawasawa.

Alianza mwaka 1994 kwa kuosha vipuri, akapanda hadi fundi mkuu. Kwa miaka kumi na miwili pia amekuwa mkaguzi wa mashindano ya magari ya kale hapa Dodoma, yule anayeamua kama kifaa kilitoka na gari kiwandani au kimebandikwa baadaye. Karatasi nzuri hazimtishi. Hupapasa chuma kwa kidole, hukwangua rangi kwa ukucha. Mheshimiwa mmoja aliapa kwamba taa zake ni za asili. Deus akamwonyesha bei ya dukani bado imegandia ndani. Tulicheka wiki nzima.

Kwenye mashindano ya Jumamosi tulijua kombe ni la Bi Shakila. Pikapu ya marehemu baba yake, ya mwaka 1964, ilikuwa inashindana kwa mara ya kwanza. Ameihangaikia miaka sita ili ishinde kwa jina la mzee, aliyejisifu hadi kufa kwamba injini yake haijawahi kubadilishwa. Ilibaki sahihi ya Deus tu. Aliinama kwenye namba ya injini mpaka tukadhani mgongo umemkamata. Kisha akanyooka, akatangaza mbele ya watu wote kwamba namba ile ni ya kughushi. Aliigonga yeye mwenyewe mwaka 1996, karakanani kwetu, kwenye injini ya gari jingine, baada ya ile ya asili kupasuka kwa kukosa maji. Saba yake imelala upande, akaijua.

Jamani! Mtu aliyetufundisha kwamba fundi haghushi! Nilikasirika, nikaona aibu, nikatamani angenyamaza. Nani angejua?

Bi Shakila aliuliza jambo moja tu.

“Fundi, baba alijua?”

“Alijua, mwanangu. Yeye ndiye aliyekuwa ananisomea namba.”

Kombe likaenda kwa mwingine. Bi Shakila alilia, kisha akampa Deus mkono.

Fundi Deus, asante kwa ufundi wako, na hata kwa mshtuko huu. Nenda Bahi ukalime mpunga wako. Tunakutakia miaka mingi, na usingizi wa mtu asiyeficha kitu.