Shangazi Aliyeibomoa Menyu Yake

Ijumaa tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, Shangazi wa Kitengo cha Maelekezo atazima kompyuta yake na kutoka kiwandani baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Wanaotumaini kwamba kuanzia Jumatatu watachelewa vikaoni bila kutazamwa kwa jicho lile wasishangilie mapema. Anayekalia kiti chake amefundishwa na yeye mwenyewe, na jicho amekabidhiwa pamoja na funguo.

Jina la Shangazi alipewa na mafundi wa pampu, likashika. Hata Meneja Mkuu, anayemzidi umri, humwita hivyo hivyo, wala hajaulizwa mpwa mwenye mvi kama zile alizaliwa lini.

Alianza kwa kupiga chapa vitabu vya maelekezo, vile vinene vinavyofungwa pamoja na pampu. Sisi wa stoo ya vipuri tunajua mafundi walivitumia sana, hasa kuegemezea meza. Kampuni ilipohamishia maelekezo yote kwenye tovuti, wahandisi wakaandika, Shangazi akapanga. Na alipanga kweli. Menyu ndani ya menyu: aina ya pampu, ndani yake ukubwa wa mota, ndani yake kundi la vipuri, na ndani zaidi huko sijui nini. Aliipenda menyu hiyo kama mtu anavyompenda kifungua mimba wake, yaani bila kuona kasoro. Aliyelalamika kwamba amepotea aliambiwa njia ipo, ila yeye ndiye hajatulia.

Upande wa kutafuta nao ulikuwa na msiba wake. Siku ya kuizindua tovuti, Meneja Mkuu alisoma hotuba iliyotaja kila mashine tunayotengeneza na kila balaa tunalolitibu, nayo ikawekwa humo kwa heshima zote. Kisanduku cha kutafutia, ambacho hakina akili wala aibu, kikawa kinautanguliza ukurasa wenye maneno mengi uliyoyaandika. Basi fundi aliyelowa mpaka magotini akiandika kwamba pampu inavuja, analetewa hotuba. Mota inaungua, hotuba. Mmoja alipiga simu akashukuru sana kwa hotuba, akasema sasa anaikariri, ila anaomba mtu amweleze maji yanafungwaje.

Simu za namna hiyo zikazidi. Uongozi ukaamua tovuti ifungwe, turudi kwenye vitabu, na kitengo kivunjwe: Shangazi pamoja na watu wake watano, akiwamo mama mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka likizo ya kujifungua mapacha. Shangazi, ambaye unyenyekevu anausikia kwa watu tu, hakuomba huruma. Aliomba saa moja ya wakuu wote.

Alitubebesha sisi wa stoo pampu mpaka chumba cha mikutano, akailegeza ikavuja ndani ya beseni, akamkaribisha Meneja Mkuu mbele ya kompyuta aizuie kwa kutumia tovuti peke yake. Sharti lilikuwa kwamba hakuna wa kumsaidia, hata kwa kukohoa. Meneja Mkuu akaandika. Ikaja hotuba. Akatabasamu, akaanza kuisoma. Mkuu wa mauzo akakohoa, akatolewa nje. Mzee akabadili maneno, ikaja hotuba ile ile, na safari hii hakutabasamu. Beseni likajaa, maji yakaanza kuvitafuta viatu vyake.

Tukadhani Shangazi ameshinda, kwamba kosa ni la hotuba, si la kitengo. Kumbe Mzee ni mbishi. Aliacha kisanduku akaingia kwenye menyu, akabofya, akarudi, akabofya tena, mpaka akaibukia kwenye ukurasa wa rangi za mfuniko. Akageuka, akamuuliza Shangazi taratibu kama pampu sasa aipake rangi.

Chumba kizima kilingoja Shangazi aseme kwamba Mzee hajatulia. Angeweza. Angeshinda ubishi, akawapoteza watu watano. Badala yake akainama, akaifunga pampu kwa mkono. Kisha akasema menyu hiyo aliitengeneza yeye, tena kwa ajili ya mtu anayeijua pampu tayari, na mtu huyo hana haja ya kutafuta. Akaomba muda aibomoe yote. Huku anajipangusa mikono kwenye sketi, akaongeza kwamba yeye kifungua mimba wake ameshamtoa, sasa Mzee naye amtoe wake. Wakuu wa idara wakatazama dari. Mzee akatazama viatu, akakiri kwamba hotuba ile ilikuwa ndefu hata siku yenyewe.

Tovuti tunayoitumia leo ilizaliwa hapo. Inaanza na anachokiona fundi: inavuja, inalia, inachemka, haivuti. Shangazi alihamia kwa wapokea simu akiokota maneno ya wenye shida. Wahandisi walikuwa wameandika kuhusu upungufu wa uwezo wa kufyonza, fundi anasema haivuti, na Shangazi akakifundisha kisanduku kwamba hao ni ndugu. Kila asubuhi alisoma kwa sauti maneno yaliyotafutwa yakakosa majibu, na mhandisi mhusika alitamani kuingia chini ya meza. Kuna fundi aliandika kwamba pampu inanuna. Wenye shahada wakabishana. Shangazi akampigia, akaambiwa inanguruma bila kuzunguka. Leo ukiandika inanuna, unapelekwa panapostahili.

Simu za waliopotea zimepungua, na kitengo kilichotaka kuvunjwa kimeongezewa viti. Mama wa mapacha ndiye anayekikalia cha mkuu. Wiki iliyopita, bila kuomba ruhusa, aliufuta ukurasa wa mwanzo alioupanga Shangazi kwa mkono wake, kwa sababu aliwatazama mafundi wakiutumia akaona wanakwama. Shangazi aliusoma mpya kutoka juu mpaka chini, akaagiza chai ya kitengo kizima, akaanza kufungasha vitu vyake.

Asante, Shangazi. Nenda kapumzike, mwili uwe mzima na nyumba yako iwe na furaha. Na ukisikia tumeibomoa kazi yako nyingine, ujue tulikuelewa.