Mama Noela na Milima ya Ziwani

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na jirani mliotoka Kambarage na ninyi wenyeji wa hapa Mhunze, poleni na msiba, na poleni na jua. Anayesoma ni Onesmo Makoye, mdogo wa marehemu. Familia imeagiza maisha yake yasemwe kama yalivyokuwa, bila kuyapamba, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda mapambo hata kwenye nguo alizoshona.

Marehemu Melania Makoye, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Noela, alizaliwa hapa Mhunze tarehe 14 Mei 1970, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Makoye Ndaki na Mama Violeth, ambao wote wametangulia. Baba alilima pamba, na nyumbani kulikuwa na baiskeli moja ya chuma kizito ya kupelekea mizigo kwenye ghala la ushirika. Melania alijifunza kuiendesha akiwa bado mdogo, mguu mmoja akiupitisha chini ya bomba la kati kwa sababu kiti hakukifikia. Siku moja alianguka nayo korongoni. Akarudi nyumbani goti likivuja damu, akaenda moja kwa moja kwa baba.

"Shikamoo baba. Nimevunja taa."

Baba aliliangalia goti, kisha akauliza, "Na breki?"

"Breki nzima."

"Marahaba. Basi kesho pamba utapeleka wewe."

Kaka zetu walinuna wiki nzima.

Alisoma Shule ya Msingi hapahapa, akamaliza darasa la saba mwaka 1984. Hakuchaguliwa kuendelea, na nyumbani hakukuwa na namna nyingine. Mwaka uliofuata parokia ilimpokea kwenye mafunzo ya ushonaji mjini Shinyanga. Kuanzia mwaka 1988 alikuwa fundi cherehani pale Kambarage, kwenye kibaraza ambacho wengi mnakifahamu. Alishona sare za shule, kanzu za kwaya na magauni ya kipaimara. Alikuwa mkali kwa wateja wanaosema wananenepa halafu hawaji kupimwa tena. Hakuwahi kuchelewesha nguo ya maiti.

Tarehe 7 Septemba 1991 alifunga ndoa takatifu na Ignas Masalu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Walijaliwa watoto wawili, Noela na Mwigulu. Kiwanda kilipofungwa, Ignas alihangaika na vibarua kwa miaka kadhaa, kisha akaenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Alikuwa akirudi Pasaka na Krismasi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini akiwa nyumbani ndiye aliyempikia mke wake uji.

Mwezi Machi 2012, mvua zikiwa zimeshika, simu iliingia kwa jirani ikisema kwamba duara, yaani lile shimo la wachimbaji wadogo, limefukia watu na Ignas ni mmoja wao. Mwili haukutolewa. Mwenye duara hakuonekana tena, na wachimbaji waliosalimika walitawanyika kila mtu na njia yake. Nyumbani hapakuwekwa msiba. Mama mzazi wa Ignas, Mama Agnetha, alikataa.

"Maiti iko wapi?" aliuliza mbele ya ukoo. "Mwanangu yu hai. Amepata mwanamke huko, ninyi mnataka kumzika."

Maneno hayo yalitoka nje ya uzio. Sokoni Melania aliitwa mke aliyekimbiwa. Hakuvaa nguo nyeusi kwa sababu aliambiwa si mjane, na hakuweza kucheka kwa sababu alijua ni mjane. Aliishi hivyo mpaka mvua zilipokatika. Mwezi wa Juni aliishusha baiskeli ya marehemu baba kutoka darini, akashona mifuko miwili ya turubai ya kuning'iniza kwenye keria, akanunua viraka na pampu. Machimbo mengi hayako kwenye njia ya basi, na yeye alikusudia kuyapitia yote. Mimi mdogo wake nilitaka kumsindikiza.

"Hapana," alisema. "Ukiwepo wewe, wanaume watazungumza na wewe."

Alipita Tinde, Kahama na Kakola, akiingia kila kambi ya wachimbaji na kuuliza kwa jina. Kambi nyingine walimtukana. Kambi moja walimdhani mchawi, mwanamke wa peke yake mwenye macho mekundu, wakamfukuza kwa mawe. Macho yalikuwa mekundu kwa vumbi. Alilala misikitini na makanisani, popote alipofunguliwa mlango. Nyarugusu ndipo alipomkuta kijana aliyeitwa Marselino, amekaa chini ya mwavuli akichaji simu za watu, magongo yake yameegemea ukuta.

"Wewe ni Mama Noela," kijana alisema kabla hajaulizwa. "Ignas alikuwa na picha yako."

"Yu hai?"

"Hapana, dada. Mimi nilikuwa juu, nikatolewa nyonga imevunjika. Yeye alikuwa chini zaidi. Tulimsikia akigonga jiwe. Na sisi tukagonga, ili ajue tupo. Mvua haikukata, udongo ukazidi kushuka. Baadaye tukawa tunagonga sisi tu."

Marselino alipanda kwenye keria, magongo mkononi, akamwonyesha mahali. Palikuwa na mbonyeo wa udongo mwekundu kwenye ubavu wa kilima, umeota majani. Melania alikaa pale mpaka jua likawa kali, akasali rozari, akageuza baiskeli.

Aliporudi Shinyanga hakwenda kwake kwanza. Alikwenda kwa Mama Agnetha, akamweleza yote, hata lile la kugonga.

"Aligonga?" mama mkwe aliuliza.

"Aligonga, mama."

Mama Agnetha alivua kilemba chake, akakilaza mapajani. "Basi alijua kuna watu wanamtafuta," alisema. Ndipo alipolia. Wiki hiyo tukaweka msiba, ikasomwa misa, na Melania akavaa nguo nyeusi.

Kila mwaka, Juni ilipofika, alirudi kwenye kile kilima, peke yake. Mwaka 2017 alikuta hakuna kilima. Mitambo ilikuwa imechimba eneo zima, udongo umegeuzwa na kurundikwa mahali pengine, na mlinzi wa getini hakuwa hata na habari kwamba hapo palikuwa na duara. Melania alisimama nje ya uzio akijaribu kupima kwa macho, akashindwa. Alimpigia Noela simu.

"Sipaoni, mwanangu. Wamempeleka wapi baba yako?"

"Rudi nyumbani, mama."

"Nirudi nikaseme nini?"

Hakurudi. Alishika barabara ya Katoro, akapita Chato, akaendelea kaskazini kuufuata mwambao wa Ziwa Viktoria, nchi ambayo hakuna ndugu yetu aliyewahi kuikanyaga. Sisi wa huku Kishapu tumezoea mbuga. Unamwona ng'ombe wa jirani kutoka asubuhi mpaka jioni. Kule kuna milima inayopanda kutoka majini, unashuka mmoja na mwingine unakungoja. Kwenye miinuko alishuka akaisukuma ile baiskeli nzito, kifua kikimbana, na kwenye miteremko aliogopa kwa sababu breki zilichemka. Hakusema kwamba alipenda. Noela alipomuuliza kwa nini anajitesa, alijibu, "Mlima unanichosha mpaka silii. Nikifika juu nalala kama mtu."

Jioni moja ya safari hiyo mvua ilimkuta Kyamyorwa, wilayani Muleba, akabisha kwenye nyumba ya mama mmoja anayeitwa Serafina. Mwenye nyumba alimtazama kutoka juu hadi chini, tope tupu.

"Mume wako yuko wapi?"

"Chini ya ardhi, Geita."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Mbele, mpaka hasira ziishe. Kisha nitarudi."

Serafina alimchemshia maji ya kuoga na kumpa ndizi. Tangu mwaka huo alikuwa akimngoja kila Juni. Melania alifika mpaka Bukoba, akarudi, na karibu kila mwaka alikwenda tena. Watu walisema mengi. Mwigulu aliona aibu, akamwambia mama yake kwamba mwanamke wa umri wake hukaa na wajukuu. Alimjibu kwamba wajukuu anawapenda miezi kumi na moja. Mwaka 2020 aligundulika kuwa na kisukari. Daktari alimshauri afanye mazoezi, naye akacheka siku hiyo kuliko alivyocheka kwa muda mrefu.

Mwezi Juni 2023, akiteremka mlima karibu na Kyamyorwa, gari lililokuwa likishuka nyuma yake lilimgonga na kumtupa kwenye mtaro. Dereva hakusimama. Mpaka leo hatumjui, na tumeacha kumtafuta. Mchunga ng'ombe aliyemwona alikimbia kumwita Serafina, naye Serafina alimfunga mguu kwa kanga zake mbili na kukaa naye mpaka walipopata gari la kuwapeleka hospitali. Alimletea chakula wodini mpaka tulipofika. Mguu wa kulia ulivunjika vibaya, na kwa sababu ya kisukari kidonda hakikukubali kupona. Tulimhamishia Shinyanga. Mwezi wa Agosti madaktari waliukata chini ya goti.

Yaliyofuata ni magumu kusema, lakini marehemu mwenyewe aliagiza yasemwe. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Alijaribu kuiendesha kwa mguu mmoja, uzi ukawa unakatika, akaifunika kwa shuka na hakuifunua tena. Aliyekuwa akizivuka wilaya peke yake alisubiri mtu wa kumpeleka chooni. Alikuwa na hasira. Aliwafukuza wageni waliokuja kumfariji, na Baba Paroko alipomletea komunyo alimwambia, "Baba, leo sina la kumwambia Mungu." Baba Paroko alikaa naye kidogo, kisha akaondoka. Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kabla ya Krismasi Melania alipokea komunyo.

Aliyemuuguza zaidi ya sisi sote ni Mama Agnetha. Alihamia Kambarage na mkongojo wake, akawa ndiye anayesafisha kidonda. Tulipomwambia apumzike, aachie wajukuu, alisema, "Huyu alikwenda kunitafutia mwanangu. Ninyi mlikwenda?"

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2025 figo zilianza kushindwa. Alilazwa mara kadhaa, na mara ya mwisho yeye mwenyewe aliomba arudishwe nyumbani. Alifariki dunia Kambarage asubuhi ya tarehe 19 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, mikononi mwa Noela. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wote, jumuiya ndogondogo na mafundi wenzake, walioishona sanda yake bila kuombwa.

Ameacha mama mkwe, Mama Agnetha, watoto wake Noela na Mwigulu, wajukuu wanne, ndugu zake tuliobaki, na rafiki yake Serafina, aliyesafiri kutoka Kyamyorwa na ambaye leo tumemkalisha na familia, kwa kuwa ni wa familia.

Mama Agnetha ameomba neno moja liongezwe, na tumekubali. Jioni ya kuamkia siku ya kifo alikuwa akimpaka mafuta marehemu mikononi. Akamwambia, "Mama Noela, ukimkuta Ignas, mwambie mimi mama yake nilimdhania vibaya. Mwambie anisamehe."

Melania alifumbua macho. "Nitamwambia, mama," alisema. "Lakini nikifika, kwanza nitapumzika."

Basi, dada yetu, pumzika kwanza. Hakuna anayekuharakisha. Amani ya Bwana iwe nawe.