Stika za Kijani Kwenye Kijiwe cha Mashine

Pale ilipokuwa ikinguruma mashine ya kusaga ya marehemu Urbani, siku hizi hakisagwi kitu ila maneno. Mashine ilikufa, paa likabaki, na chini ya paa hilo upo ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, wenye kuukalia wakiitazama bustani ya mtaa ng'ambo ya barabara ya vumbi. Mwezi wa saba baridi ya Songea haina adabu, kwa hiyo saa mbili asubuhi ubao unakuwa umeshajaa, makoti yamefungwa mpaka shingoni, na Abdulswamadu amesimama mbele yao na birika lake juu ya mkaa, kama alivyosimama miaka kumi na moja. Kahawa chungu, kashata, na habari ambazo redio haijazipata. Wenyewe wanakiita Kijiwe cha Mashine. Wake zao wana majina mengine.

Asubuhi hiyo habari ilikuwa moja. Kando ya bustani utajengwa mtambo wa kusafisha majitaka, na safari hii wakubwa walisema wananchi washirikishwe kuupanga. Wananchi wakashirikishwa. Jana jioni mchoro wa kwanza ukabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa, na bwawa kubwa la majitaka likaonekana limechorwa juu ya Kijiwe cha Mashine. Si jirani na kijiwe. Juu yake hasa, kuanzia birika la Abdulswamadu mpaka mwisho wa ubao.

Mzee Emiliani alikuwa amekaa katikati ya ubao, kimya, kikombe kikimpoa mkononi. Kijiweni anaitwa Ramani. Aliendesha lori miaka ishirini na mbili, Mbamba Bay mpaka Dar, na mpaka leo mtu akitaka kwenda popote, hata Maposeni tu hapo, lazima kwanza aje aelekezwe na Ramani. Macho yalipomgomea aliuacha usukani, lakini jina halikumwacha. Ndicho kitu pekee alichotoka nacho barabarani, naye alikipenda kuliko alivyokiri.

Sasa jina hilo lilikuwa linamchoma, maana yeye peke yake alijua bwawa lilifikaje pale.

Mkutano wa kushirikishwa uliitishwa Jumamosi saa nne. Kijiwe kiliamua kwenda baada ya kahawa, lakini kahawa haikuja. Abdulswamadu alikuwa ameshawahi mkutanoni na birika lake, kwa kuwa penye watu ndipo penye wateja. Wakamsubiri mpaka saa sita, hamu ya kahawa ikawazidi, ndipo wakaenda kwenye maendeleo. Walipofika, maelezo yalikuwa yamekwisha. Ukutani palitundikwa ramani kubwa ya bustani na viunga vyake, na kila mtu alipewa stika mbili, nyekundu na ya kijani, akabandike. Wenzake wakamgeukia Ramani. Kwenye kona ya karatasi kulikuwa na maandishi madogo, naye miwani aliiacha nyumbani. Angeweza kuuliza. Lakini dereva wa Mbamba Bay haulizi njia mbele ya watu.

Akawaambia kwa sauti ya mtu anayejua kwamba nyekundu ni ile X. Nyumba zilizopigwa X nyekundu barabara ilipopanuliwa ziko wapi leo? Basi nyekundu ibandikwe kule bondeni kwenye matete, wanakoishi vyura tu, na kijani ibandikwe kijiweni, ili kijiwe kisiguswe. Walibandika, wakanywa kahawa, wakarudi wameridhika.

Leo alfajiri alikwenda ofisini na miwani yake. Kwenye kona ya mchoro paliandikwa: KIJANI, jengeni hapa. NYEKUNDU, msijenge. Akasoma mara tatu, akaifuta miwani, akasoma mara ya nne. Miwani haikuwa na kosa. Chini yake paliongezwa kwa kalamu kwamba maoni yatafungwa leo saa tano, na aliyekosea kubandika aje aseme mwenyewe, kwa jina lake.

Kwa hiyo ilimpasa awaambie. Na alikuja kuwaambia, Mungu shahidi yake. Ila kwenye kijiwe kile kupata upenyo wa kuongea ni kazi kuliko kulipita lori lenye tela kwenye kona.

— Wenzangu, alianza, kuhusu zile stika...

— Stika gani, Ramani? alimkata Hironimus. Tulibandika kijani wote wanne, mtu mzima na akili zake, wao wakachora bwawa palepale. Hii ni dharau.

Hironimus ndiye Kamati. Amekuwa kwenye kamati ya shule, ya harusi, ya mazishi na ya kumtafuta mbuzi wa padri, na zote alizivunja mwenyewe kwa hasira. Alieleza kwamba ushirikishwaji una ujanja wake: mwananchi anaulizwa anachopenda ili ijulikane cha kumnyang'anya. Wahenga walishasema, alimalizia, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sasa hapo nani kapona? aliuliza Osmund.

— Ndiyo maana nasema ni dharau.

Bartolomeo akakohoa. Huyu anaitwa Saruji, fundi mwashi mstaafu, mwenye kichwa kilichong'aa kama sahani, ambaye ukimsikiliza utadhani majengo yote ya Peramiho aliyainua kwa mikono yake miwili. Aliwaomba waache siasa, hili ni jambo la kitaalamu. Bwawa halijengwi kwenye udongo laini, maji yatapenya. Injinia lazima atafute udongo ulioshindiliwa.

— Haya, hapa pameshindiliwa na nani? alisema Saruji, akaupiga ubao kofi. Sisi. Miaka kumi na moja, makalio manne, asubuhi mpaka adhuhuri. Mashine yao ya kupimia ikipita hapa lazima ilie. Hakuna ardhi ngumu kama hii Songea nzima, mpaka Ruhuwiko huko.

— Ubao uko juu ya matofali, Saruji, alisema Kamati. Makalio hayagusi udongo.

— Uzito unashuka. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Wote wakakitazama kichwa chake, na kwa heshima hawakusema kitu. Emiliani akaona upenyo. Akafungua mdomo, akasema kwamba alipita ofisini alfajiri, kwenye kona ya mchoro akaona...

— Setilaiti, alisema Osmund.

Osmund ni Taarifa. Ana redio ndogo mfukoni na simu kubwa mkononi, na kila kilichosemwa na kimoja hukichanganya na cha kingine. Alisogeza kikombe kijazwe, akashusha sauti. Kuna nchi moja, jina limemtoka, waligundua kwamba kinachosafisha majitaka si mashine. Ni vijidudu. Vinakula uchafu, maji yanatoka safi.

— Hilo kweli, alisema Saruji.

— Ngoja sasa. Vijidudu vile ni vivivu. Mahali pakiwa kimya vinalala, na vikilala mtaa mzima unanuka. Vinataka kelele. Wazungu wanavipigia muziki. Sisi hatuna umeme wa kupiga muziki usiku na mchana, kwa hiyo wataalamu wamepima kwa setilaiti, wakatafuta mahali penye kelele zisizokatika.

Kamati akatazama kushoto, akatazama kulia. Ubao mzima ukanyamaza kidogo, halafu ukagundua kwamba unanyamaza.

— Kwa hiyo sisi ni mashine ya vijidudu, alisema Saruji polepole.

— Sisi ndio mtambo wenyewe. Bwawa wanachimba tu pa kuwekea. Haba na haba hujaza kibaba.

Nadharia hiyo iliwapendeza kupita kiasi. Kamati alikwisha kutoka kwenye dharau, akaingia kwenye madai: kama kelele zao ni kifaa cha serikali, basi ziwekewe utaratibu, zamu ya asubuhi na zamu ya jioni, na mwenyekiti wa zamu awe mtu mzoefu wa kamati. Saruji akataka vijidudu vya Wangoni vitengwe na vya Wamatengo, maana vikianza kutaniana kazi haitafanyika. Emiliani alichungulia saa ya Osmund. Saa nne na nusu ilikuwa imepita. Muda ulikuwa ukimkimbia, kama zamani lori lilipokuwa likishuka mlima nalo breki halizioni.

Hapo ndipo binti mmoja alipovuka barabara kutoka bustanini, koti la sufu mwilini, karatasi ndefu iliyokunjwa kwapani. Alikuwa Violet, afisa maendeleo ya jamii, yule aliyeendesha mkutano wa Jumamosi.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu, waliitika kwa mkupuo, Kamati akiwa wa mwisho ili ijulikane amekasirika.

Abdulswamadu akampa kikombe. Violet akakishika kwa mikono miwili apate joto, akaikunjua ile ramani juu ya magoti ya wazee, na stika za kijani zikaonekana zimerundikana mahali pamoja kama kuku kwenye mtama. Alisema karatasi inaondoka saa tano, lakini usiku alikosa usingizi kwa jambo moja. Alikuwa anaomba aulize.

— Uliza, mama, alisema Kamati. Na sisi tuna yetu.

— Wazee wangu, mbona mmekitoa kijiwe chenu?

Saruji alimtazama Kamati. Kamati alimtazama Taarifa. Taarifa aliitazama redio, nayo haikuwa na la kusema. Palikuwa kimya kiasi kwamba, kama vijidudu vile vingekuwapo, vingelala vyote.

Emiliani alivua kofia. Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa nzito kuliko mizigo yote aliyowahi kufunga kwenye lori. Lakini aliona pia ubao ule, na watu wale watatu ambao bila wao siku yake haikuwa na mahali pa kuanzia.

— Ni mimi, alisema. Niliwapoteza. Nilisema kijani ni kulinda. Sikuwa na miwani, binti yangu, na sikuuliza. Hawa walinifuata tu, kama watu wanavyomfuata dereva.

Alingoja kicheko. Kwa desturi ya kijiwe kile, kosa kama hilo lingechekwa mpaka Krismasi. Kamati alishusha pumzi ndefu.

— Hata mimi niliona yale maandishi, alisema. Nikajifanya nimeyasoma.

— Mimi siwezi kusoma maandishi madogo tangu mwaka juzi, alisema Saruji. Nilidhani ni wewe tu unayeyaona.

Taarifa aliisogeza simu yake kubwa, na kwa mara ya kwanza wakaelewa kwa nini aliinunua kubwa.

Violet hakucheka. Alitoa kalamu, akasema bado kuna dakika ishirini, kila mmoja ataje jina lake na alichokusudia. Emiliani akawa wa kwanza. Violet akabandua stika moja ya kijani, akaibandika bondeni kwenye matete, na ile nyekundu ya kule akaileta kijiweni. Ikafuata ya Hironimus, ya Bartolomeo, ya Osmund. Kila stika iliyobanduka, mabega ya Emiliani yalishuka kidogo, mpaka akaweza hata kuimalizia ile kahawa baridi.

Kisha Violet akainama tena juu ya karatasi.

— Na hii ya tano?

Walihesabu. Walikuwa wanne, hakuna ubishi, hata Kamati hakubisha. Stika ilikuwa ya tano, imebandikwa katikati kabisa ya kijiwe, imenyooka, wala haikupinda kama zao.

— Hiyo yangu, alisema Abdulswamadu, akisuuza vikombe. Iache hapohapo.

Wote wakageuka. Katika miaka kumi na moja ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitoa hoja.

— Na wewe alikupoteza Ramani? aliuliza Kamati kwa huruma.

— Mimi niliwahi mkutano, mzee wangu. Nikayasikia maelezo yote. Kijani, jengeni hapa. Alikipangusa kikombe kimoja, akakiweka, akaendelea. Mafundi watakuwa arobaini kila siku, mwaka mzima. Fundi akinywa kahawa, anainuka, anarudi kazini. Hawezi kunisimamisha kwa hadithi za vijidudu mpaka adhuhuri, inshallah.

Violet aliiacha stika ile pale ilipo, maana naye ni mwananchi na alishirikishwa, akaikunja karatasi na kukimbilia ofisini. Moja haingeshinda nne, hilo kila mtu aliliona.

Emiliani ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha mtu aliyeteremshwa mzigo. Akajisogeza pembeni, ikapatikana nafasi katikati ya ubao.

— Kaa hapa, Ramani, Emiliani alimwambia Abdulswamadu. Kijiwe kizima ni wewe tu uliyeisoma ramani.

Abdulswamadu alisita. Hakuwahi kuukalia ubao ule. Akaupapasa kwanza kwa kiganja, kisha akakaa baina yao, birika likabaki peke yake juu ya mkaa, na vikombe vinne vikangoja, maana hakukuwa tena na wa kumimina.