Neno Ambalo Gisa Alimwachia Miriamu

Wachungaji wetu, majirani wa Kashojwa, na ninyi mliotoka Mbarara asubuhi na mapema, familia inawasomea maisha ya Gisa Bienvenu kama alivyoyasimulia Nyirabahire, bibi yake aliyemlea, na kwa kuwa humu mna neno zito, tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Agosti 1990, Bijombo, Kivu ya Kusini, mama yake akafariki akiwa hajamwachisha ziwa, baba akapotelea vitani, ndipo akawa mtoto wa bibi yake. Alikuwa mtoto wa kuuliza, ukimpa maziwa anataka kujua ni ya ng'ombe gani, mpaka babu yake akawa anamtania, "Weye utakuwa juge, hakimu wa watu, ao utakuwa muchokozi tu."

Alianza shule ya msingi mwaka 1997 hukohuko Bijombo, vita vikamkatisha, mwezi wa Juni 2004 akakimbia na bibi yake kupitia Burundi, wakafika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tarehe 19 Januari 2005, wakapewa kiwanja hapa Kashojwa. Alirudia darasa la tano akiwa na miaka kumi na minne, kwa Kiingereza asichokijua, magoti yakigonga meza ya watoto wadogo, nao wakimwita "muzee", akacheka nao, akavumilia, akamaliza kidato cha nne mwaka 2011, kisha akasomea ufundi wa vyuma kule Nyamitanga hadi Desemba 2012.

Tarehe 4 Februari 2013 aliajiriwa katika karakana moja ya Nyamityobora, mjini Mbarara, inayotengeneza pampu na turbini ndogo za umeme wa maji, na huko akafundishwa kazi ya kupima vyuma. Chombo chake kilifanana na bastola, ukikielekeza kwenye chuma kinakuambia mna nikeli kiasi gani na kromi kiasi gani, lakini hakioni ndani, kinasoma ngozi tu, na mapanga ya turbini, yale yanayosukumwa na maji, huwa yamepuliziwa ngozi ngumu ya nikeli na kromi ili mchanga wa mtoni usiyale, kwa hiyo mpimaji anatakiwa akwangue kwa grenda mahali padogo kama ukucha, mpaka afike kwenye chuma chenyewe, ndipo apime. Gisa aliijua sheria hiyo kama anavyojua jina lake.

Tarehe 13 Desemba 2014 alifunga ndoa na Belyse katika kanisa letu hapa Kashojwa, Mungu akawapa watoto wawili, Cyiza mwaka 2016 na Prince mwaka 2018. Aliyesimama naye siku ya harusi alikuwa Semahoro, jirani yake, mwimbaji wa besi katika kwaya, ambaye baadaye alipata kazi ya kuchunga mashine katika kituo kidogo cha umeme huko milimani, na kila Jumapili alimtania, "We Gisa, nyinyi munapima munaenda kula bugali, sisi ndiyo tunabakia na ile mashini, mupime muzuri!"

Sasa tunafika kwenye lile neno zito.

Ijumaa tarehe 1 Machi 2019 yaliletwa karakanani mapanga sita mapya ya kituo kile, yanang'aa, pamoja na cheti cha muuzaji, na Gisa aliposhika grenda, mwenye karakana akamwambia, "Ssebo, bwana, wacha, hii kitu ni mpya, mwenyewe atasema tumemuharibia, pima juu tu." Akapima juu, kipimo kikasoma ngozi, akaandika kwamba mapanga yote ni ya mchanganyiko ulioagizwa, akatia saini. Hakushikiwa fimbo, na mwenyewe hakutaka tuseme hivyo, maneno yake kwa bibi ni haya, "Koko, nilijua, mukono yangu ilijua, nikaandika."

Tarehe 11 Juni 2019 panga moja lilivunjika mashine ikizunguka, likatoboa kifuniko, likampiga Semahoro kifuani, akafariki njiani kabla ya kufikishwa hospitali. Taarifa ya kituo ilisema alifungua kifuniko mwenyewe akaingiza nondo kwa uzembe, Miriamu mkewe akasomewa hivyo mbele ya watu, na wanawe wakaambiwa shuleni kwamba baba yao alijiua kwa ujinga. Gisa alibeba jeneza.

Wiki ile iliyofuata vipande vilirudishwa karakanani, akakikwangua kimoja palipovunjika, akapima, chini ya ngozi hapakuwa na nikeli wala kromi, ni chuma hafifu cha kumimina. Alikifunga kitambaani pamoja na nakala ya karatasi yenye saini yake, akaviweka katika sanduku la bati la bibi yake bila kumwambia ni nini, akanyamaza, kwa kuogopa jela, kwa kuogopa kazi, kwa kuogopa pia wasije wakamgusia karatasi yake ya ukimbizi.

Toka hapo hakuwa Gisa tunayemjua. Kwaya ikifika mahali pa besi alikuwa anakawia, kama anayemngoja mtu aingie, watu wakadhani amesahau wimbo. Kazini hakuacha chuma bila kukikwangua, na karakana ilimchoka, ikamwachisha mwezi wa Mei 2021, akarudi hapa kuchomelea milango na majembe, na nyumbani alikwangua hata vyombo, Belyse akamuuliza, "Weye, sufuria ya bugali imekukosea nini?" akajibu, "Ngoja nione ndani iko nini." Tulicheka, Mungu atusamehe, tulicheka. Alipoalikwa kwa Miriamu alikaa, alizungumza, lakini hakuweka kitu mdomoni, mpaka siku moja mama huyu akamwambia mbele yetu, "Baba Cyiza, kwa watu wote unakula, kwangu tu ndiyo unashiba?" naye akatoka nje, akasimama kwenye shamba la mihogo, ametugeuzia mgongo.

Kifua kilianza kumsumbua Septemba 2024, akalazwa katika hospitali kubwa ya Mbarara tarehe 20 Februari 2025, wakasema mapafu yamechakaa. Jumapili tarehe 9 Machi, jua la saa nne likiwa kitandani pake, alimweleza bibi yake yote mliyoyasikia, akasema, "Siku ya kusoma historia yangu Miriamu akuwe mbele, asikie kwa kinywa ya jamaa yetu, si kwa watu." Alifariki Jumanne tarehe 18 Machi, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka thelathini na minne.

Katika kikao cha familia ndugu yetu Karekezi alikataa, akasema, "Mama, hii ni matanga, haiko tribinali, haiko korti, tukisema, watoto wake watapita wapi?" Nyirabahire akamjibu, "Na wa Semahoro, hii miaka yote, walipitia wapi?"

Kwa hiyo, Miriamu, familia inasema mbele ya kanisa lote, mumeo hakufungua kifuniko, hakuingiza nondo, hakufanya kosa lolote, alikuwa kazini kwake, na panga lililomuua lilipita kwa saini ya mtoto wetu. Wanawe wasimame wima. Kipande kile na karatasi ile Nyirabahire anavyo mkononi sasa, utakabidhiwa kabla udongo haujashuka, uvipeleke unakotaka, hata polisi, hatutakuzuia, na hatukuombi utujibu kitu leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, majirani mliochota maji na kuchimba kaburi, wanakwaya, na mafundi wenzake mliofika ingawa mlijua mtakayoyasikia.

Gisa, mwana wa Nyirabahire, neno lako limesemwa, na Miriamu amelisikia. Sasa pumzika kwa amani.