Mwaka Niliokuwa na Jibu Moja Tu

Bwana asifiwe, wenzangu. Kwa wale waliokuja leo mara ya kwanza, mimi ni mkulima wa ndizi kutoka Mitunguu, na kama wengi wenu nilipigwa na kiharusi. Nitaongea polepole. Hiyo si heshima, ni ulimi.

Kabla ya ugonjwa, ukoo wetu haukuenda kuposa bila mimi. Nilikuwa msemaji wao. Mnajua kwetu mambo ya posa hayaongelewi wazi. Wazee wanatupiana mafumbo, na msemaji mzuri ni yule anayerudisha fumbo kwa fumbo kabla chai haijapoa. Hicho ndicho watu walichonijulia.

Kiharusi kilinipata shambani. Upande wa kulia ukalala wote. Nikalazwa hospitali, nikarudi nyumbani, nikafanya mazoezi, mguu ukaamka, mkono ukafuata. Maneno pia yakarudi. Kanisani wakanipigia makofi. Ndugu zangu, nawaambia, watu huangalia mguu. Ukitembea, wanasema umepona. Na mimi nilisema hivyo hivyo.

Halafu kaka yangu akaniomba twende Ruiri kumposea mwanawe. Tukapokewa vizuri, tukaketi. Mwenye boma akaanza: "Wageni, kuna kondoo wenu anapita hapa kila jioni, anakula mboga zetu. Mtatuambia nini?"

Kila mtu pale alijua kondoo ni yule kijana wetu. Mimi nilisikia kondoo.

"Sisi hatufugi kondoo," nikasema.

Wakacheka. Walidhani ni ufundi.

"Basi huyu ni wa nani?"

"Sijui. Pengine ni wa jirani. Uliza mtu yeyote Mitunguu, sisi tuna ng'ombe."

Kicheko kikaisha. Yule mzee akaweka kikombe chini. "Unaniita mwongo nyumbani kwangu?"

Kaka akasimama haraka, akaomba radhi, lakini mazungumzo yalikuwa yameharibika. Tulitoka bila kukubaliana lolote, na ikabidi arudi siku nyingine na msemaji mwingine. Njiani akaniuliza, "Ulikuwa unafanya nini pale?" Nikamwambia nilisema ukweli. Nilikuwa sijaelewa bado. Nilielewa nyumbani, nilipomsimulia mke wangu, nikaona uso wake.

Sikulia. Nilijiangalia tu, kama mtu anayepita mbele ya duka alilozoea akakuta limefungwa.

Mke wangu ndiye aliyekataa kunyamaza. Akanipeleka Embu, kwa mama mmoja anayefundisha wagonjwa kuongea. Mimi nikabisha, nikasema kuongea najua. Yule mama akachukua mwiko, akauliza, "Mzee, huu unaweza kufanya nini zaidi ya kusonga ugali?"

"Kukoroga uji."

"Na zaidi ya kupika?"

Nikafikiria sana. "Hakuna. Ni mwiko."

Hakunicheka. Akasema, "Mzee, mimi sitaki jibu sahihi. Nataka jibu lingine."

"Lingine la nini, kama la kwanza ni kweli?"

"Hapo ndipo ugonjwa ulipobaki," akasema. Akatueleza kwamba akili ina njia nyingi kati ya kitu na kitu, na zangu zilikuwa zimeota nyasi. Zinafunguliwa kwa kuzipita mara kwa mara. Akatupa mazoezi ya nyumbani: kutaja kazi mpya za kitu cha kawaida, kufuatanisha neno na neno linalokuja lenyewe, na kuchukua vitu viwili visivyojuana na kuvitafutia undugu.

Mama Kendi, mke wangu, akaanza kunifanyia hivyo kila alipoketi kuchambua maharagwe. Anachomoa vitu kwenye kikapu. "Soksi na betri ya redio. Undugu wao ni nini?"

"Hawana."

"Tafuta, Baba Kendi."

Wacha niwaambie, nilichukia sana. Kichwa kilikuwa kinachoka kuliko mgongo siku ya kubeba mikungu. Mara nyingi niliondoka nikaenda kukaa na ng'ombe, ambao hawaulizi kitu. Siku ya soksi maharagwe yaliisha, akainuka kuyaosha, ndipo nikamwita: "Vyote vinakaa viwili viwili. Kimoja kikipotea, kingine hakina kazi."

Akaniangalia. "Hiyo ni moja," akasema, akaendelea kuosha.

Tukaenda hivyo miezi mingi. Majibu yalikuja, lakini kwa kuvutwa, kama ndoo ya kisima kirefu. Halafu asubuhi moja tulikuwa tunaweka nguzo kwa mgomba ulioinama kwa uzito. Mama Kendi alikuwa ameshika nguzo, mimi nachimba. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikautazama ule mgomba nikasema, "Huyu ameegemea kama mkwe aliyeshiba mukimo akasahau njia ya kwao."

Mke wangu alicheka mpaka akaachilia ile nguzo. Halafu akaketi kwenye matope akalia. Mimi nilibaki nimeshika jembe. Nilijua kilichotokea: hilo lilikuwa limekuja lenyewe.

Baadaye wageni wakaja kwetu kutoka Manyatta, kumposa binti yetu Kendi. Mke wangu akasema nitasema mimi. Kaka hakufurahi, lakini akakubali.

Msemaji wao akasema, "Tumetembea mbali, tuna kiu. Tumesikia hapa kuna maji matamu."

Nikaanza kuyatafutia maji yale undugu. Kimya kikawa kirefu, watu wakaanza kutazama viatu vyao. Kaka akaanza kuinuka, mke wangu akamtikisia kichwa, naye akaketi tena. Nikangoja.

"Maji yapo," nikasema. "Lakini huku kwetu tunamwagilia kwa zamu, na zamu hii si yangu. Mimi ni mlinzi wa mfereji. Mwenye kufungua ni yeye mwenyewe. Muulizeni."

Wakapiga makofi. Kendi akaitwa, akaulizwa mbele ya watu wote, akasema amekubali.

Sijarudi nilivyokuwa. Bado kuna siku naambiwa fumbo nikajibu kama karani. Namshukuru yule mama wa Embu, aliyeona ugonjwa ambao mguu ulikuwa umeuficha. Namshukuru kaka, aliyeketi tena. Mke wangu nimeshamshukuru nyumbani, hapendi kutajwa.

Nililojifunza ni hili: mgonjwa wenu akianza kujibu kila kitu wazi wazi, msidhani amekuwa mkaidi au mjinga. Msibishane naye. Mpeni vitu viwili, mketi, mngoje.

Na wewe ndugu uliye karibu na dirisha, mkeo amenieleza. Chai ikiletwa, njoo ukae na mimi. Nitakuuliza kikombe kinafanana na nini. Ukiniambia kinafanana na kikombe, sitaondoka.