Jina Nililoliandika Bila Kuombwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye nimeambiwa una kikao kingine saa kumi na kwa hiyo nisirefushe. Mkurugenzi wa idara yetu. Wakuu wa vitengo mlioketi mbele, na wakuu wa vitengo mliokosa viti vya mbele. Wafanyakazi wenzangu wa kaunta, wa masijala na wa usafi. Ndugu wageni waalikwa. Na nyinyi wateja wawili mliofuata vyeti vyenu, mkaambiwa ofisi nzima iko ukumbini, mkaona heri mkae: nawasalimu nyote, habari za mchana.

Mkurugenzi amesema maneno mazuri juu yangu. Amesema nimekaa kwenye dawati la usajili wa vizazi miaka thelathini na miwili. Ni kweli. Amesema sijawahi kuchelewa kazini. Nimechelewa mara mbili, ila siku zote mbili yeye alikuwa hajafika, kwa hiyo hana jinsi ya kujua. Amesema pia kwamba katika miaka yote hiyo Mama Muhuri, kama mnavyoniita mkidhani sisikii, hajawahi kuandika jina la mtoto kimakosa hata mara moja, na hapo mkapiga makofi. Makofi yale nayarudisha. Nitaeleza sababu, na naomba mnivumilie, maana sasa ni saa tisa na dakika kumi, na mimi ni mtumishi wa ofisi hii hadi saa kumi kamili tu.

Sheria inamruhusu msajili kukataa jina la matusi au la kumdhalilisha mtoto. Kuhusu jina la ajabu, sheria imenyamaza. Ajabu si kosa la jinai. Kwa hiyo nikajitungia utaratibu wangu, ambao wengi wenu mnaujua na baadhi yenu mliupitia: jaribio la mlango. Mzazi akileta jina ninalolitilia shaka, simgombezi. Namwomba asimame mlangoni, atazame korido na foleni yake, kisha aliite jina hilo mara tatu kwa sauti, kama anayemwita mtoto aliyeko mchezoni aje kula. Akiliita bila kucheka na bila kuona haya, naandika. Akishindwa, anarudi kwenye benchi kufikiri upya.

Mwanzoni yalikuja majina ya wachezaji mpira, yakafuata ya aina za simu, na miaka hii ya karibuni yakaja ya gemu. Baba mmoja alitaka mwanawe aitwe Maisha Tisini na Tisa, kwa sababu ndiyo maisha aliyokuwa amebakiwa nayo kwenye gemu mkewe alipojifungua. Alipoita mara ya kwanza, bibi mmoja kwenye foleni alimuuliza kwa upole kama amepotelewa na ng'ombe. Akarudi kwenye benchi. Mwingine alileta Bosi wa Mwisho. Huyo aliita vizuri sana, kwa sauti ya kujiamini, hata Mkurugenzi wa wakati ule akatoka ofisini mwake kuuliza nani anamwita. Baba yule aliomba radhi akaondoka, na aliporudi wiki iliyofuata mtoto alikuwa amepewa jina la mjomba wake.

Basi nikajiona hodari. Nikawa natembea korido hii kama mtu aliyewaokoa watoto wa mji mzima kutoka kwa wazazi wao. Ndugu zangu, nyani haoni kundule.

Miaka sita iliyopita, siku ya Jumanne, alikuja kijana mmoja fundi wa simu, shati limepigwa pasi, karatasi ya hospitali mkononi. Mbele yake walikuwepo watu kumi na mmoja, na hakumruka hata mmoja, ingawa dawati analoliendea ni la mama yake mzazi. Ni mwanangu. Yuko pale, safu ya nne kutoka nyuma, shati la kijivu, amekaa na mkewe na mtoto wao, na sasa anajiuliza mama anaelekea wapi na maneno haya. Tulia, baba, tunafika.

Alikuwa amepata binti. Mimi nilijaaliwa wavulana watatu watupu, nami kwa miaka mingi nilikuwa nimelitunza jina la marehemu mama yangu, nikimsubiri msichana wa kulibeba. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilidhani mambo ya namna hiyo hujulikana yenyewe. Mwanangu akaweka fomu mezani, na kwenye nafasi ya jina, kwa mwandiko wake ule wa kubanana, palikuwa na jina la msichana wa kwenye gemu, na nyuma ya jina, tarakimu saba. Nikamwambia fomu haipokei tarakimu. Akaikata, akaandika saba kwa herufi, akanirudishia. Jina lenyewe mtalisikia leo hii, msiwe na haraka.

Nikampeleka mlangoni. Nilikuwa na hakika atacheka, kwa sababu huyu tangu utotoni hawezi kufanya jambo la uongo asicheke. Akasimama, akaitazama foleni, akaita mara tatu. Foleni ilicheka. Karani wa masijala, ambaye leo ndiye mshereheshaji wetu, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mwanangu hakucheka. Mara ya tatu sauti ilimkatika kidogo, nami nikadhani ni haya. Akarudi akasema, "Tayari, mama." Kwa utaratibu niliotunga mimi mwenyewe, alikuwa amefaulu.

Nikamwambia aende, cheti kitatoka. Akashukuru, akaenda. Nikalivuta daftari la vizazi, nikafungua kalamu, nikaandika jina la mama yangu. Nikajaza cheti kwa jina hilohilo, nikagonga muhuri. Mkono haukutetemeka. Nataka mlijue hilo, maana anayekosea huku anatetemeka anastahili huruma kidogo, na mimi sikutetemeka.

Mtauliza, jina la mtoto hufichwaje miaka sita? Ni rahisi ukiwa wewe ndiye ofisi. Nilimwambia mwanangu kwamba vyeti huharibiwa na unyevu, nikajitolea kumtunzia kwenye kabati langu la nyumbani. Kliniki walitumia kadi ambayo mkwe wangu aliiandikisha siku ya kujifungua. Popote palipotakiwa cheti nilikwenda mwenyewe, nikasema mnanifahamu, wakakubali kwamba wananifahamu. Nyumbani wote walimwita mtoto kwa jina lake, mimi nikamwita "mama." Majirani wakasema, tazama bibi anavyompenda mjukuu. Nampenda, Mungu ni shahidi. Lakini nilipomwita mama nilikuwa namwita kama mtu aliyebeba jina la mama yangu, na katika dunia nzima ni mimi tu niliyelijua hilo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha hadi kwenye lango la shule. Wiki tatu zilizopita tulimpeleka mjukuu wangu kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu akamuuliza jina. Mtoto akasimama wima, akalitaja lote, la kwanza na la pili. Mwalimu akauliza hiyo saba ni ya nini. Mtoto akajibu kwamba ndiyo hatua waliyofika baba na mama. Mwalimu akaandika bila neno la ziada, na kwa hilo tu alinishinda mimi na uzoefu wangu wote. Kisha akasema siku ya kufungua shule, yaani Jumatatu hii inayokuja, waje na cheti halisi cha kuzaliwa. Tulipofika nyumbani mwanangu akaniomba cheti. Nikamwambia sijui ufunguo wa kabati nimeuweka wapi. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, naye alikuwa anautazama.

Jioni ile nilimfuata mkwe wangu uani, anakunja nguo. Nikamuuliza hatua gani hiyo inayozungumzwa. Akanieleza, huku anaendelea kukunja. Nyote mliowahi kusubiri mtoto mtaelewa. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu, daktari alimwamuru alale kitandani hospitali miezi miwili, asisimame. Kila siku mwanangu alifunga kibanda chake akaenda kukaa naye saa ya kuona wagonjwa, na maneno ya kufarijiana yalipowaishia, wakawa wanacheza gemu moja kwenye simu moja, mke kwa kidole gumba cha kushoto, mume kwa cha kulia. Kwenye gemu hiyo kuna msichana anayevuka nchi ya giza amebeba taa. Hapigani na mtu. Akianguka, harudishwi mwanzo. Anainuka palepale alipoangukia. Wakaahidiana kwamba mtoto akizaliwa mzima atabeba jina la msichana huyo. Hatua ya sita iliwashinda wiki tatu. Siku waliyoingia ya saba ndiyo siku uchungu ulipoanza, na mtoto akatoka analia kwa nguvu zake.

Mimba zile mbili nilizijua. Nililia naye kwa zote mbili. Gemu sikuijua. Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia siku ile ya Jumanne.

Akaweka nguo chini. "Mama, hukuuliza," akasema. "Ulimpeleka mlangoni."

Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa miaka thelathini na miwili nimekuwa na jibu kwa kila mteja, hata kwa wasiouliza. Siku hiyo nilikwenda nikajifungia chooni, naomba radhi kulitaja mbele yako, nikalia hadi watu wakaanza kugonga mlango wakidhani nimeanguka.

Sasa nije kwenye sheria, mahali ninapopumua vizuri zaidi. Jina likikosewa na ofisi, hurekebishwa kwa fomu moja tu. Fomu hiyo husainiwa na msajili yuleyule aliyeandika, akiwa bado kazini, mbele ya mzazi na mashahidi wawili. Msajili akishaondoka kazini, shauri linakwenda mahakamani, na mahakamani, kama mnavyojua, mtoto anaweza kuingia darasa la kwanza akatoka la saba wakili bado anaomba tarehe nyingine. Nimebakiwa na dakika thelathini na tano. Ndiyo maana niliwasihi waandaaji sherehe ianze saa nane, na ndiyo maana nilinuna ilipoanza saa tisa kasoro.

Mtasema, si ungemwambia mwanao faraghani? Nilijaribu mara nne. Mara zote nne nilijikuta nasifia hali ya hewa. Halafu nikafikiri: huyu nilimfanya achekwe na foleni nzima, basi haki yake nayo asipewe uani kama mtu anayepewa nguo kuukuu. Mkurugenzi, najua ulichokisema kuhusu utumishi wangu kimeandikwa kwenye ile fremu iliyoko mezani. Bado haijafungwa karatasi. Ukiona vyema kuirudisha stoo, sitakulaumu.

Fomu ninayo hapa, nimeijaza asubuhi. Kuna mstari mmoja unaosema: sababu ya marekebisho. Nimejaza mamia ya fomu hizi kwa ajili ya watu, na kwenye mstari huo sikuzote niliandika "kosa la mwombaji," hata pale nilipokuwa na wasiwasi. Leo nimeandika "kosa la msajili." Ni maneno matatu, na yamenichukua saa nzima.

Mwanangu, sikuombi unisamehe mbele ya watu, maana hapo nitakuwa nimekupeleka mlangoni mara ya pili. Sahihi si msamaha. Msamaha utautoa ukitaka, wakati utakaoutaka, au usiutoe. Hapa naomba sahihi tu.

Naona amesimama. Mpisheni, tafadhali. Mashahidi wangu ni wale wateja wawili. Njooni, ndugu zangu, vyeti vyenu nitavitoa mwenyewe.

Anaisoma fomu. Mwacheni aisome yote, nilimfundisha mimi asisaini asichokisoma.

Kwa mlioko nyuma ambao hamkusikia, ameniuliza, "Miaka sita, mama?" Nimemjibu ndiyo, sita. Amesaini. Mashahidi nao wamesaini. Mimi nimesaini.

Limebaki jambo moja. Kanuni inamtaka msajili alisome jina sahihi kwa sauti ili anayehusika athibitishe kwamba ndilo. Ndugu wageni waalikwa, jina hili nimelikata, nimelificha, nimelizunguka miaka sita, na tangu mtoto azaliwe halijawahi kutoka kinywani mwangu hata siku moja. Mniwie radhi nikilikosea.

Zivoria Saba.

"Abee, bibi."

Mmesikia, ameitika. Kazi yangu imekwisha. Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu muda wote huu.