Mashine Iliyongoja Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Mchungaji, Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu, madaktari na wauguzi, wazee mliotoka Mdandu, na ninyi ndugu zangu wagonjwa mliokaa kule juani kwa sababu turubai limejaa wakubwa: nawasalimu, kamwene.

Mimi ni Dorika, mkulima wa viazi, mjane wa Nathanieli. Nimeombwa nitoe shukrani kwa niaba ya wagonjwa. Nitazitoa, lakini sitamsahau marehemu ili sherehe ipendeze.

Nathanieli alikwenda kumchangia damu jirani yetu aliyejifungua kwa shida. Walipompima wakamkuta na virusi vya homa ya ini. Hakuwa na dalili yoyote; alikuwa akibeba gunia la viazi kutoka shambani hadi barabarani bila kupumzika. Daktari alimweleza vizuri: "Virusi hivi vinaweza kuleta saratani ya ini, nayo huanza kimya. Kila baada ya miezi sita upigwe picha ya tumbo kwa ultrasaundi, ili kikitokea kivimbe tukiwahi kingali kidogo."

Mume wangu alitii. Mashine hiyo ilipoletwa hapa, alivaa koti lake la kanisani, akapanda Hiace, akaja. Akajibiwa, "Mashine ipo, mzee, imeshafungwa na inawaka. Ila haijazinduliwa."

Akarudi mwezi uliofuata. Haijazinduliwa, mgeni rasmi amesafiri. Akarudi baada ya kuvuna mahindi. Haijazinduliwa; barabara inachongwa kwanza, msafara usije ukakwama.

Ndugu zangu, hivi ini la mtu linajua ratiba ya mgeni rasmi? Saratani inasubiri kamati ya sherehe imalize kikao? Mtaalamu wa picha, ndugu yetu Valeriani, alikuwepo, kazi hiyo ameisomea, na muda wote huo mlimweka mapokezi afungue mafaili, huku mashine imefunikwa shuka chumba cha pili! Nathanieli alimwomba, "Ifunue tu, mwanangu, unitazame." Valeriani akaenda kuomba ruhusa. Alirudi ameinamisha kichwa.

Tumbo la mume wangu lilipoanza kujaa maji, tulikwenda Mbeya. Wakampiga picha ya CT, na daktari, mama mmoja anaitwa Erica, akatuonyesha kwenye kioo jinsi uvimbe ulivyotapakaa. Nikamuuliza, "Ungeonekana mapema je?" Akasema, "Mama, ungekuwa mdogo tungeukata." Mume wangu akavaa koti lake, tukatoka nje. Ndipo akaniambia, "Dorika, wale wameufunika ugonjwa wangu kwa shuka." Tulimzika kabla hatujang'oa viazi.

Pale msibani nilimshika mkono mdogo wake, Efraimu, nikamwambia naye akapimwe.

"Shemeji, mimi siumwi."

"Na kaka yako alikuwa haumwi."

Akakutwa na virusi vilevile. Akapigwa ultrasaundi hukohuko Mbeya, wakaona kitu kidogo kama punje ya hindi. CT ikathibitisha, wakakikata. Efraimu, simama wakuone! Mmemwona? Baba mmoja, mama mmoja, ugonjwa mmoja. Huyu alipigwa picha mapema. Yule aliambiwa arudi.

Waliotupa mashine hii, tunawashukuru kwa moyo wote. Wauguzi mlioona aibu kila mlipoturudisha nyumbani, nanyi nawashukuru. Aliyeamua ikae imefunikwa, simshukuru, na msiniambie kwamba ulikuwa utaratibu. Utaratibu huo umewekwa na watu, wala haukushuka kutoka mbinguni. Waliouweka wanaweza kuuondoa leo.

Mheshimiwa, nimesikia mshereheshaji akisoma kwamba ukishakata utepe tunakwenda kula, na huduma zitaanza Jumatatu. Kwa nini Jumatatu? Binti yangu Peace amesimama pale mlangoni. Ana virusi vya baba yake. Hajala tangu jana jioni, maana kipimo hiki cha tumbo kinataka mtu asiwe amekula. Valeriani nimeshamuuliza, yuko tayari. Nakuomba, baba yangu, kata utepe, kisha uwapishe waingie. Sisi tutakula wakishatoka.

Mmenisikiliza kwa uvumilivu, nanyi nawashukuru sana. Peace, mwanangu, ingia.